Cheti unacho, leseni je?

Fundi umeme wa kujitegemea huku Tabata anakutana na majina matatu: VETA, EWURA na CRB. Wengi tunayachanganya, na anayeumia ni fundi mwenyewe.

VETA inathibitisha ujuzi. Hata aliyejifunzia kazi mtaani anaweza kupimwa kwenye mpango wa urasimishaji ujuzi akapata cheti. Ila cheti hicho, au hata digrii ya uhandisi tunayoisotea hapa chuoni, si ruhusa ya kufunga umeme kwa jina lako. Ruhusa inatoka EWURA, kwa leseni za madaraja tofauti kulingana na elimu na uzoefu. Daraja ndilo linaloamua ukubwa wa kazi unayoweza kuchukua. CRB yenyewe inasajili kampuni za ukandarasi.

Sasa uanze na ipi? Kama kazi zako ni nyumba za kawaida, mimi nasema ukishapata cheti kimbilia leseni ya EWURA; kampuni itakuja baadaye. TANESCO ikiombwa kuunganisha nyumba mpya, inataka nyaya ziwe zimethibitishwa na mwenye leseni. Asiye nayo anatandaza nyumba nzima, halafu anamlipa mwenye muhuri ambaye pengine hata saiti hajafika. Hela inagawanyika. Mbaya zaidi, nyumba ikiungua, karatasi ina jina la mtu asiyeijua kazi ile.

Kwa hiyo wanachuo wenzangu, barua za mafunzo kwa vitendo msizitupe. Uzoefu mtaulizwa.