Utoto wa Moyo si Utoto wa Akili

Wako watu wadhanio ya kuwa Bwana Yesu, alipowataka wafuasi wake wawe kama watoto wadogo, aliwataka waache kufikiri. Sivyo. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho wawe watoto katika uovu tu, bali katika akili wawe watu wazima. Jinsi mambo hayo mawili yanavyopatana huonekana katika maisha ya Teresa wa Lisieux.

Teresa, binti wa fundi saa, alizaliwa Alençon, nchi ya Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Mama yake alifariki mwaka 1877. Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Lisieux, akakaa humo hata kufa.

Alitamani utakatifu, lakini akajiona mdogo mno. Siku zile nyumba za matajiri wa Ulaya zilianza kutiwa lifti, mashine impandishayo mtu ghorofani pasipo kukanyaga ngazi. Teresa akafahamu ya kuwa mtoto asiyeweza ngazi huinuliwa: mikono ya Yesu ndiyo lifti yake.

Hata hivyo, kuinuliwa si kukaa bure. Wakati wa kufua, mtawa mmoja alikuwa akimrushia maji machafu usoni. Teresa alitaka kurudi nyuma na kujipangusa, ili mwenzake atambue kosa lake. Akajizuia, akaendelea na kazi kimya.

Jaribu kubwa lilimjia mwaka 1896. Karibu na Pasaka alitema damu, dalili ya kifua kikuu. Kisha giza likaingia rohoni mwake, hata mbingu aliyoitumaini tangu utotoni ikawa kama haipo. Hakujidanganya kwamba anaona, wala hakuuacha mkono wa Mungu. Mtoto aendaye na baba yake usiku haijui njia. Huujua mkono uliomshika.

Alifariki tarehe 30 Septemba 1897, mwenye miaka 24. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1997 Papa John Paul II akamwita Mwalimu wa Kanisa.

Basi, mkulima aliyekwisha kupanda na mvua ikachelewa, na karani aliyetukanwa bila kosa mbele ya wenzake, hawahitaji kwenda mbali kuitafuta njia hiyo. Kila mmoja afanye kazi iliyo mkononi mwake kwa akili ya mtu mzima, na lile asiloliweza amwachie Baba.