Honi ya Tororo yasikika tena Lunyo

LUNYO, BUSIA

Simu iliwekwa juu ya kigoda, chini ya mwembe, na sauti ikafunguliwa hadi mwisho. Kwa sekunde kadhaa hakikusikika kitu ila mkwaruzo wa kanda ya zamani. Kisha mvuke ukafoka, injini ikahema mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akainua mkono ili watoto wanyamaze.

Hakuhitaji picha. Alisema hiyo ni Garratt, injini ndefu yenye boila moja katikati na mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele na mwingine nyuma. Aliijua kwa mapigo yake. Injini ya kawaida ya silinda mbili hupumua mara nne kila gurudumu linapozunguka. Garratt hupumua hivyo kwa mitambo yote miwili, na kwa kuwa mitambo hiyo haikufungwa pamoja, mapigo huenda sambamba kwa muda, yakaachana, kisha yakakutana tena.

Mzee huyo ana zaidi ya miaka 80. Miaka ya 1960 alikuwa mchochea moto kwenye injini za aina hiyo, akifanya kazi kutoka Tororo. Kama wengine waliozungumza nasi, aliomba jina lake lisiandikwe.

Rekodi hiyo ina dakika nne. Ilipigwa na mgeni, mpenzi wa reli aliyepita Afrika Mashariki akiwa na kinasa sauti chake, na leo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisikiliza. Maelezo yake ni ya mstari mmoja: treni ya mizigo, Kenya. Hakuna stesheni, hakuna tarehe, hakuna jina la dereva. Tuliileta Lunyo kuwauliza waliolijua garimoshi hilo wanasikia nini ndani yake. Walisikia mengi ambayo aliyeirekodi hakuyaandika.

Reli iliyopita mbali

Lunyo, katika wilaya ya Busia upande wa Uganda, haijawahi kuwa na reli. Hata mji wa Busia, ambao malori huvuka mpaka wake usiku na mchana, ulirukwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi safari ya kwenda Uganda iliendelea kwa meli. Njia ya nchi kavu ilipokuja kupitia Nakuru na Eldoret, ilivukia Malaba, ikaingia Tororo na kuungana na reli ya Busoga mwaka 1928. Mwaka uliofuata tawi la kutoka Tororo kupitia Mbale lilifika Soroti. Kampala ilifikiwa mwaka 1931. Tawi la kaskazini lilisukumwa hadi Lira na Gulu, na kufika Pakwach mwaka 1964.

Kwa hiyo mtu wa Lunyo aliyetaka garimoshi alilifuata Tororo, kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi. Hata hivyo reli ilikuwa ndani ya nyumba nyingi za huku. Vijana wa Kisamia kutoka pande zote mbili za mto Sio waliandikwa kazi ya kutengeneza njia, kupakia mizigo, kusafisha injini, na baadaye kuchochea moto na kuendesha. Wasamia ni watu wa chuma tangu zamani. Majembe yaliyofuliwa katika vilima vyao yaliuzwa mbali kabla ya reli kuwapo. Mzee wetu anasema babu yake, alipoisikia injini kwa mara ya kwanza, alisema ni mivukuto ya mhunzi.

Mwajiri alikuwa mmoja. Tangu mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mfanyakazi aliyezaliwa Lunyo angeweza kujifunza kazi Nairobi, kupangwa Kisumu na kuhamishiwa Tabora bila kubadilisha mwajiri.

Hata injini zilisema hivyo. Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, zilipewa majina ya milima. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa tani zaidi ya 250, na hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizozishinda nguvu. Garratt za daraja la 60, ndugu zao wadogo, zilibandikwa majina ya magavana wa kikoloni, ambayo baadaye yaling'olewa. Injini nyingine zilipewa majina ya makabila. Anayetembelea Makumbusho ya Reli jijini Nairobi leo atakuta Mount Gelai na Mount Shengena, milima iliyoko Tanzania. Atakuta Nyaturu, watu wa Singida. Atakuta Bavuma, watu wa visiwa vya Uganda. Jirani zetu wote wamo katika yadi moja ya Nairobi.

Wageni wenye vinasa sauti

Kwa nini mtu asafiri kutoka Ulaya kuja kurekodi treni ya mizigo? Jibu liko kwao. Uingereza iliacha kutumia injini za mvuke kwenye reli zake kuu Agosti 1968, na kabla ya hapo matawi mengi ya vijijini yalikuwa yamefungwa. Waliokuwa wamelelewa na sauti hiyo walianza kuikimbilia ilikokuwa bado hai.

Anayejulikana zaidi kati ya warekodi hao ni Peter Handford, fundi wa sauti za filamu. Tangu miaka ya 1950 alirekodi magarimoshi ya Uingereza kwa mapenzi yake mwenyewe, na sauti hizo zikauzwa kwenye santuri. Baadaye alikuwa mmoja wa walioshinda tuzo ya Oscar ya sauti kwa filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, iliyopigwa Kenya, na ambayo ndani yake garimoshi linakata nyika.

Wengi waliokuja kwetu hawakuwa mafundi. Walikuwa walimu, makarani na wahandisi walio likizo, wenye kamera za filamu ya milimita 8 na vinasa sauti vya kubebwa begani. Wamehifadhi kitu ambacho sisi hatukukihifadhi, na shukrani wanastahili. Lakini walikuja kutafuta mashine. Kwao mtu aliyepiga kelele karibu na kipaza sauti alikuwa ameiharibu rekodi.

Kelele za nyuma

Chini ya mwembe wa Lunyo mambo yaligeuka. Baada ya kuitambua injini, hakuna aliyeijali tena. Waliomba tuirudie rekodi tangu mwanzo, kwa sababu kabla ya injini kuondoka kuna mtu anayenadi kitu.

Ni mwanamke. Sauti yake iko mbali, na mvuke unaifunika mara mbili. Mzee mwingine, aliyevuka kutoka upande wa Kenya kwa ajili ya matanga na kuketi kutusikiliza, alisema anazungumza Kijaluo, kwa hiyo hiyo ni Kisumu, na maelezo ya mgeni kwamba ni Kenya ni sahihi. Alikuwa na hoja: Garratt zilifika Kisumu pia.

Mama mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni alimkatalia, kwa heshima, akimwita shemeji. Alisema yeye aliuza dagaa katika soko la Tororo kwa miaka mingi, na hicho si Kijaluo cha Kisumu bali Kijapadhola cha Tororo. Lugha hizo ni ndugu, lakini anayeuza na kununua kwazo hazimchanganyi. Akayarudia maneno ya mwuzaji jinsi alivyoyasikia, kwa mkokoto uleule. Ni ndizi mbivu, alisema, na bei imetajwa kwa senti.

Mchochea moto wa zamani akasikiliza tena akiwa ameinama. Alisikia kitu cha tatu: mgongo wa chuma juu ya chuma, mapigo mawili na moja. Alisema ni kipande cha reli kilichotundikwa stesheni na kugongwa badala ya kengele, na kwamba anaikumbuka sauti yake. Naye akasema Tororo.

Hatuwezi kuthibitisha. Ila kwa dakika 20, watu watatu wasio na hata karatasi moja ya kumbukumbu walikuwa wameihoji rekodi kuliko ilivyowahi kuhojiwa popote, na huenda wameirudisha upande wake wa mpaka.

Asiyeikosa reli

Si kila mtu aliyetabasamu. Mama yuleyule wa maharagwe alisema wanaume wanaisifu sauti hiyo kwa sababu wao ndio waliopanda. Kwake honi ilimaanisha baba kuondoka na kurudi baada ya mwaka, au kutorudi. Barua za pesa zilikuja, kisha zikapungua. Anasema kama rekodi ingekuwa na sauti ya nyumbani baada ya garimoshi kuondoka, ingekuwa kimya tu, na mama yake akitwanga.

Mzee hakubisha. Aliongeza la kwake: alipoingia kazini, mabehewa yalikuwa na madaraja, na daraja la tatu ndilo lililokuwa letu. Kazi pia zilikuwa na rangi zake. Kwa miaka mingi usukani ulikuwa wa Mzungu au Mhindi, na Mwafrika alikuwa wa motoni. Kuona Waafrika wakiendesha Garratt ndicho anachokikumbuka kwa fahari, kuliko injini yenyewe.

Kisha kila kitu kiligawanywa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika moja likawa matatu, na wafanyakazi wakajikuta wageni walikokuwa wakifanya kazi. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini Arusha Mei 1984, ukasema kila nchi iwalipe raia wake pensheni zao. Kwa familia ya mpakani, yenye ndugu pande zote mbili za Sio, swali la nani ni raia wa wapi halikuwa limeulizwa kazini hadi siku hiyo. Mzee alisema hilo hataki kulizungumzia, na tuliheshimu.

Injini za mvuke zilikuwa tayari zikiondolewa, nafasi yake ikichukuliwa na dizeli. Njia ya Tororo kwenda kaskazini ilinyamaza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kukaa karibu miaka 20 bila treni. Treni za abiria za Uganda zilisimama mwaka 1997, na ziliporudi miaka 18 baadaye zilirudi Kampala na viungani mwake tu. Kijana wa Tororo mwenye miaka 30 leo hana kumbukumbu ya kumsindikiza mtu stesheni.

Zirudi kwa nani

Kuna mfano wa kufuata, nao unatoka kwenye muziki. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi ngoma na nyimbo za nchi hiyo kabla ya uhuru, na kanda zake zikahifadhiwa London. Nakala zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Rekodi za Hugh Tracey, aliyezunguka Kenya na Uganda miaka ya 1950, ziko katika maktaba ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini, na baadhi zimerejeshwa kwa jamii zilikopigwa.

Sauti za reli hazijatafutiwa njia kama hiyo. Huenda ni kwa sababu zinahesabiwa kuwa sauti za mashine, na mashine ilikuwa ya mkoloni. Lunyo imetuonyesha kuwa ndani yake mna mwuza ndizi, kengele ya stesheni na mabishano ya mpaka. Kazi yenyewe si ghali: simu, nakala za rekodi, na mtu wa kukaa na wastaafu Tororo, Malaba, Kisumu, Eldoret na Tabora, akiandika wanachosikia. Kilicho adimu ni muda. Aliyekuwa na miaka 20 injini za mvuke zilipokuwa zikistaafu sasa yuko katika miaka ya 60 au zaidi, na waliofanya kazi kabla yake wanaondoka mmoja mmoja.

Wakati huohuo njia mpya inakuja. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala. Reli ya zamani ya Tororo hadi Gulu nayo imekuwa ikikarabatiwa. Viongozi wetu wanasema reli hizo zitatuunganisha. Wazee wa Lunyo wanakumbuka kuwa tuliwahi kuunganishwa, na wanaweza kueleza, kwa masikio tu, ilikuwaje kazini na ilikuwaje nyumbani.

Jua lilipoanza kushuka tuliaga. Mzee wa Kenya alikuwa bado anashikilia Kisumu, lakini kwa sauti ya chini. Mama alimaliza maharagwe yake, akafuta mikono, akaomba simu aishike mwenyewe. Hakusubiri injini iondoke. Alisikiliza hadi mwuza ndizi aliponyamaza, akaturudishia simu, akauliza kama aliyeirekodi aliwahi kununua.