Marashi ya Mawardi

Nilifungwa. Si kufungwa jela, msomaji wangu, wala si kufungwa bao la kete, ambalo Mswahili amezoea kutaniwa kwalo akaondoka akicheka. Nilifungwa sataranji, barazani, baada ya sala ya Isha, mbele ya wazee wenzangu na muuza kahawa. Na aliyenifunga ni mpwa wangu wa miaka kumi na minne, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfunza farasi huruka vipi.

Hatua kumi na tisa tu! Kijana, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaniuliza, "Mjomba, tupange tena?" Nikamjibu kwamba macho yaniuma. Wallahi macho yalikuwa mazima. Kilichoniuma ni kingine.

Basi nikakata mguu barazani. Siku ya kwanza nilisingizia kazi ya gazeti, ya pili mafua, na kufikia wiki ya tatu visingizio vimekwisha, nimekaa tu nyumbani mke wangu akinitazama.

(Wako watakaoniandikia kuhusu hukumu ya mchezo huu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walikwisha kuujadili zamani. Sisi hatuchezei hata kikombe cha kahawa, na adhana ikilia ubao hufunikwa.)

Katika kujificha huko nikamkumbuka al-Mawardi, bingwa wa sataranji katika jumba la Khalifa al-Muktafi, aliyetawala Baghdad tangu 902 hadi 908. Khalifa alimpenda mno. Akaletwa Abubakar al-Suli, wakapambanishwa, na Khalifa hakuona haya kumshabikia waziwazi kipenzi chake. Al-Suli akashinda, ushindi usio na shaka. Hapo Khalifa akageuka, akamwambia Mawardi kwamba maji yake ya waridi sasa yamekuwa mkojo. Sisi tunaonyunyiziwa marashi mawaridi katika maulidi twaujua uchungu wa tusi hilo. Na wengi wetu tunaomkumbuka maskini yule, twamkumbuka kwa tusi hilo tu.

Lakini yuko wa pili, na huyu ndiye aliyeninyanyua. Mikhail Botvinnik, mhandisi wa umeme wa Muungano wa Sovieti, alinyang'anywa ubingwa wa dunia mwaka 1960 mjini Moscow na Mikhail Tal, kijana wa Riga wa miaka 23, kwa pointi 12.5 kwa 8.5. Mzee yule hakununa. Alikaa na michezo ile aliyoshindwa, akaichambua, akatafuta Tal hupenda vita vya namna gani na huchoshwa na vipi. Kanuni za wakati ule zilimpa haki ya marudiano, na mwaka 1961, akiwa na miaka 49, akaurudisha ubingwa kwa pointi 13 kwa 8. Na haikuwa mara ya kwanza: Smyslov alimvua taji 1957, akalitwaa tena 1958. Ni kweli Tal alikuwa akisumbuliwa na figo, na sitalificha hilo; ila figo za mwenzako hazikuchezei.

Usiku huo nikatoa ubao, nikajaribu kuurudia mchezo wangu peke yangu. Nikakwama hatua ya nane. Ikanilazimu nimwite mwenyewe.

Alikuja akasimama mlangoni, hakukaa. "Shikamoo, Mjomba. Umenikasirikia? Mama amenambia nisicheze tena na watu wazima."

Nikaona haya ambayo sikuyaona siku niliyofungwa. Kumbe wiki tatu zote mtoto alikuwa akiadhibiwa kwa kunishinda! Nikamvuta mkono, nikamketisha, nikamwambia anioneshe. Akapanga vitu haraka haraka mpaka hatua ile ya nane: askari wake alikuwa peke yake, hana mlinzi, nami nikamla.

"Nilimwacha makusudi," akasema. "Nilijua Mjomba ataingia tamaa." Kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Tulicheka hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Juzi nimerudi barazani. Alinifunga tena, hatua ya arubaini na moja, muuza kahawa ameacha kuuza akitazama. Safari hii mimi ndiye niliyesema, "Haya, panga."