Mgeni rasmi na maji ya bamvua

Wapo watu wa mjini ambao hawajawahi kushuka Tunguu. Hupita tu garini wakielekea Paje au Makunduchi, lakini jina wanalijua vizuri kwa sababu ya taarifa ya habari ya usiku. "Ameyasema hayo ofisini kwake Tunguu," msomaji humalizia, huku inapita picha ya watu waliokaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Hapo ndipo ilipo ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Kusini Unguja. Mahakama Kuu ipo hapo, na vyuo vikuu viwili: SUZA na Chuo Kikuu cha Zanzibar. Kwa mtazamaji wa televisheni, Tunguu ndipo habari za mkoa mzima zinapotoka. Habari zenyewe zinatokea kwengine.

Zanzibar haikuanza jana katika mambo haya. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Leo TVZ na redio ya Rahaleo zimo ndani ya shirika moja, ZBC. Kwa hiyo tuna zaidi ya nusu karne ya kuwaonyesha watu wa Unguja na Pemba wakiwa kazini kwao. Suala ni tunawaonyesha vipi.

Chukua taarifa moja ya kawaida ya kutoka Kusini. Kiongozi anatembelea wakulima wa mwani. Gari zinasimama, mgeni rasmi anashuka, anashika kamba yenye mwani, anatabasamu. Nyuma yake wamesimama kinamama kumi au kumi na tano, vitambaa vimefungwa vichwani. Sauti ya mwandishi inasema kiongozi huyo amewataka wakulima kuongeza uzalishaji na kushirikiana na serikali yao. Mama mmoja anapewa nafasi ya kushukuru. Taarifa imekwisha, tunahamia michezo.

Sasa iangalie tena picha hiyohiyo kwa macho ya mtu wa pwani. Mwani hauendi kwa saa ya ofisi, unakwenda kwa maji. Mkulima hushuka baharini kwenye bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapotoka mbali na vigingi kubaki wazi. Huku kwetu maji ya bamvua hupwa asubuhi, kuanzia kama saa tatu hadi saa tano. Na mgeni rasmi naye hufika saa ngapi? Saa nne. Kwa hiyo akija siku ya bamvua, kinamama wale waliosimama nchi kavu wakimsikiliza wameacha kazi ya siku hiyo baharini, na maji hayamsubiri mtu amalize hotuba. Akija siku za maji mafu, kamba anayoshikishwa ni ya maonyesho tu. Taarifa ya dakika mbili imekwenda mpaka ufukweni na kurudi bila ya kuiona kazi yenyewe.

Wala si kwamba hakuna la kuuliza. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na mpaka leo wengi walio ndani yake ni wanawake. Cottonii, aina yenye bei nzuri, inakufa kwenye maji ya karibu kwa sababu bahari imepata joto, na waliobaki wanalima spinosum ya bei ndogo. Mama wa Jambiani aliyeanza akiwa msichana anaijua historia hii yote kwa mikono yake. Anaulizwa anajisikiaje kutembelewa.

Siwalaumu waandishi peke yao. Wengi ni vijana wanaolipwa kidogo, na kutoka mjini mpaka Kusini ni gari, mafuta na mpiga picha. Mwenye shughuli hutoa gari, na mara nyingi hutoa na bahasha, desturi ambayo imeenea Afrika Mashariki nzima na ambayo sote tunajifanya hatuijui. Shehia yenye mfereji mkavu haina gari la kumpeleka mwandishi. Ikifika Januari ndiyo basi kabisa: kabla ya Siku ya Mapinduzi, tarehe 12, kila siku kuna jiwe la msingi linawekwa au jengo linazinduliwa, na taarifa ya habari inajaa utepe na mikasi.

Kipimo changu cha habari za kila siku ni kitu ambacho hakuna mkuu wa habari anayejivunia: matangazo ya vifo ya redio. Yakianza, barazani watu hunyamaza na mtu huongeza sauti. Jina la marehemu, mtoto wa nani, ndugu zake ni kina nani na wako wapi, atazikwa kijiji gani baada ya sala ipi. Hakuna "amewataka wananchi". Kwa dakika hizo Unguja Ukuu, Bwejuu na Muyuni vinakuwa vijiji vyenye watu wenye majina na jamaa.

Vijana wa simu wameanza kuliziba pengo linaloachwa na taarifa ya habari. Barabara ikijaa maji, video imeshazunguka kabla kamera haijatoka mjini. Zinasaidia, ila video ya simu huishia kwenye kelele. Hairudi baada ya wiki tatu kumuuliza sheha kama kalvati limetiwa. Kazi hiyo inahitaji mtu anayelipwa kukumbuka.

Na si kazi ya gharama kubwa. Daladala ya Jambiani inapita Tunguu bila ya kusimama ofisini kwa mtu. Mwandishi aangalie kalenda ya mwezi, achague siku ya bamvua, afike saa mbili unusu asubuhi, avue viatu na kuwafuata kinamama mpaka kwenye vigingi, kamera ikiwa begani na mdomo umefungwa. Maswali yanaweza kusubiri mpaka maji yaanze kujaa, wanaporudi na magunia.