Kaondolewa jeshini kwa bangi: Je, anaweza kusafisha jina lake?

Barua ya kuondolewa jeshini kwa kosa la dawa za kulevya ni karatasi moja tu, ila inaweza kumfuata kijana kwa miaka mingi. Kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa hii sio habari ya mbali. Nachingwea ina kambi ya JKT, na mji huo umeishi na wanajeshi tangu enzi za wapigania uhuru wa FRELIMO walipokuwa wakifanya mazoezi huko kabla ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975. Kila mwaka kuna vijana wa wilaya hizi mbili wanaoingia jeshini. Na wapo wanaorudi nyumbani kabla ya wakati.

Swali linaloulizwa zaidi mtaani ni hili: akishaondolewa, ndiyo basi tena? Jibu fupi ni hapana, ila muda ni mfupi na njia sio moja.

Kwa kifupi

- Tanzania hakuna fomu moja ya kujaza ili barua ya kufukuzwa ibadilishwe. Kuna njia kadhaa, na kila moja ina kazi yake.
- CMA, ile tume inayosuluhisha migogoro ya kazi, haihusiki na wanajeshi wala vijana wa JKT.
- Anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi ana miezi sita tu ya kuomba kibali.
- Hakuna njia halali inayoanza kwa kumtumia mtu hela kwenye simu.

Kwanini karatasi hii ni ishu kubwa?

Kijana anayeingia JKT kwa kujitolea huingia kwa mkataba wa miaka miwili. JKT yenyewe husema kila mwaka kwenye matangazo yake kwamba haitoi ajira wala haimtafutii mtu ajira. Lakini ajira za JWTZ zikitangazwa, moja ya sifa zinazotajwa ni kuwa na cheti cha kuhitimu mafunzo ya JKT. Sifa nyingine ni tabia na nidhamu nzuri.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Aliyeondolewa kambini katikati ya mkataba hana cheti hicho. Umri wa kuomba nao una ukomo, kwa hiyo kila mwaka anaokaa nyumbani akisubiri "mambo yatulie" ni mwaka unaomtoa kwenye foleni.

Kwa askari aliyekwishaajiriwa, hasara ni kubwa zaidi: mshahara, miaka ya utumishi na heshima ya familia nzima.

Sheria inasemaje kuhusu dawa zenyewe?

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza bangi, heroini, kokeini na hata mirungi. Mirungi inawachanganya wengi kwa sababu kwa jirani zetu Kenya ni biashara halali. Tanzania ni kosa, na mtu akivaa sare bado ni kosa.

Mwanajeshi ana mzigo wa pili. Yuko pia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, yenye kanuni za nidhamu za jeshi. Kitendo kimoja, kwa mfano kukutwa na msokoto, kinaweza kuwa kosa la jinai na papo hapo kuwa kosa la nidhamu.

Ndiyo maana wengine hushangaa: kesi ya mahakama ya uraiani imefutwa, mbona kambini bado hajarudishwa? Ni kwa sababu hizo ni njia mbili tofauti. Hukumu ya kuachiwa huru ni ushahidi mzuri wa kupeleka mbele, lakini haimrudishi mtu kambini yenyewe kama yenyewe.

Kosa la kwanza: kukimbilia CMA

Mfanyakazi wa kampuni akifukuzwa kwa uonevu, ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi wanajua hilo, kwa hiyo kijana aliyetoka kambini naye huambiwa "nenda CMA".

Atapoteza nauli na muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwanzoni kabisa, kwenye kifungu cha 2, inawaondoa watu wa makundi manne: JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Sheria hiyo haiwagusi, na CMA haiwezi kuwasikiliza kama wafanyakazi wengine.

Sasa, njia zilizopo ni hizi.

1. Kuanzia ndani ya jeshi

Jambo la kwanza ni kujua nani aliamua na kwa utaratibu gani. Makosa mengi ya nidhamu husikilizwa na mkuu wa kikosi. Makubwa huenda mahakama ya kijeshi.

Kama uamuzi ulitoka kikosini, hatua ya kwanza ni kuandika barua ya malalamiko kwa ngazi ya juu, kwa heshima na kwa kufuata ngazi. Barua nzuri haizidi kurasa mbili. Inataja namba ya utumishi, kikosi, tarehe ya tukio, tarehe ya uamuzi, kosa lililotajwa, na jambo moja au mawili yaliyokosewa. Kisha inasema wazi kinachoombwa: kurudishwa, kupunguziwa adhabu, au sababu ya kuondolewa iandikwe upya.

Nakala ibaki nyumbani, na ile inayobaki igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, miezi sita baadaye hakuna wa kuthibitisha kwamba barua iliwahi kufika.

Kama ni mahakama ya kijeshi iliyomtia hatiani, njia ni rufaa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Neno "kila mtu" linamhusu askari pia.

2. Mahakama Kuu: miezi sita tu

Kama ngazi za ndani zimegoma, Mahakama Kuu inaweza kuombwa ipitie uamuzi. Kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa, hiyo ni Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Kwa njia ya Masasi ni safari ya zaidi ya kilomita 200, ingawa siku hizi mashauri hufunguliwa pia kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama.

Kuna mambo mawili ya kuelewa hapa.

La kwanza ni muda. Kanuni za mwaka 2014 zinataka maombi ya kibali cha kufungua shauri hili yapelekwe ndani ya miezi sita tangu tarehe ya uamuzi. Anayekaa mwaka mzima akiambiwa "subiri, kuna mtu anaongea na wakubwa" anaukuta mlango umefungwa.

La pili ni kwamba mahakama haiulizi "alivuta au hakuvuta?" Inaangalia utaratibu. Alielezwa kosa lake? Alipewa nafasi ya kujitetea? Aliyeamua alikuwa na mamlaka hayo? Uamuzi ulitolewa kwa upendeleo au bila sababu yoyote ya maana? Kama jibu ni baya, mahakama inaweza kuufuta uamuzi. Lakini kufutwa kwa uamuzi sio ajira. Mara nyingi jambo hurudi kule kule likasikilizwe upya, safari hii kwa haki.

3. Tume ya Haki za Binadamu

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo kwa mujibu wa Katiba na inapokea malalamiko bure. Kanda ya kusini inahudumiwa na ofisi yake ya Lindi.

Tume sio mahakama. Inachunguza, inapatanisha na inatoa mapendekezo. Kwa mtu asiye na hela ya wakili ni sehemu nzuri ya kuanzia, lakini kuna angalizo: Tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Na wakati Tume inachunguza, ile miezi sita ya Mahakama Kuu inaendelea kuhesabika.

4. Msamaha wa Rais

Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kumsamehe mtu aliyetiwa hatiani na mahakama, au kumpunguzia adhabu. Pia Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu.

Mfano unaokumbukwa ni wa JKT. Aprili 2021, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuondolewa makambini kwa vijana zaidi ya 850 waliogoma wakidai ajira jeshini. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe, na wakaruhusiwa kurejea.

Lakini mfano huo usitafsiriwe vibaya. Lile lilikuwa kundi kubwa, kosa lao lilikuwa mgomo na sio dawa za kulevya, na msamaha ni hiari ya anayesamehe. Mtu anaweza kuuomba, hawezi kuudai.

Kipimo cha mkojo kinasema nini?

Kesi nyingi za namna hii zinasimama au kuanguka kwenye kipimo. Hapa kuna maswali ambayo mhusika ana haki ya kuuliza.

*Sampuli ilipita mikono ya nani?* Nani aliichukua, nani aliifunga, ilihifadhiwa wapi, nani aliipeleka maabara? Mahakama za Tanzania hulipa uzito mkubwa suala hili kwenye kesi za dawa za kulevya. Kama kuna siku mbili ambazo chupa haijulikani ilikuwa wapi, hiyo ni hoja.

*Ilithibitishwa?* Kipimo cha haraka cha kuchovya ni cha kuchuja tu. Uthibitisho hufanywa maabara, na kwa serikali chombo chenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

*Kulikuwa na dawa za hospitali?* Dawa ya maumivu au kikohozi yenye kodeini inaweza kuonyesha majibu yanayofanana na ya heroini. Cheti cha hospitali cha wiki ile ni muhimu kuliko maneno mengi.

*Kipimo kinaonyesha lini?* Kwa mtu anayevuta sana, dalili za bangi zinaweza kukaa kwenye mkojo kwa wiki kadhaa. Majibu yanaonyesha kwamba ilitumika, hayaonyeshi kwamba alikuwa amelewa zamu ya usiku ule.

Na kama kweli alitumia?

Basi hoja ya "nilionewa" haitamsaidia. Kinachobaki ni kuomba adhabu ipunguzwe, na hapo ushahidi unaotakiwa ni wa mabadiliko.

Marekani ina mfumo maalumu kwa jambo hili, na baadhi ya Waswahili waliojiunga na jeshi la huko wanaujua. Aliyeachishwa kwa daraja baya ana miaka 15 ya kuomba bodi ipitie daraja lake, isipokuwa kama alihukumiwa na mahakama kuu ya kijeshi. Mwaka 2017, wizara ya ulinzi ya nchi hiyo ilizipa bodi mwongozo wa kuangalia kwa huruma zaidi kesi ambazo kosa lilitokana na msongo wa vita au ugonjwa wa akili. Mwongozo huo ulikiri pia kwamba kosa la bangi linaweza kuonekana dogo leo kuliko lilivyoonekana miongo iliyopita.

Hapa kwetu hakuna bodi hiyo, lakini somo lake linafaa: anayesoma faili anataka kuona sababu, matibabu na maisha baada ya kosa. Kwa kijana wa Ruangwa au Nachingwea, ushahidi huo unaweza kuwa:

- Karatasi za hospitali au nyumba ya upataji nafuu, zenye tarehe. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Ieleweke kwamba methadoni ni tiba ya waraibu wa heroini, sio ya bangi.
- Barua ya mtendaji wa kijiji au kata inayosema anaishi vipi sasa.
- Uthibitisho wa kazi: mkataba mgodini, cheti cha VETA, au risiti za kuuza korosho na ufuta kupitia chama cha msingi chini ya RUNALI.

Hata kama jeshi litakataa, karatasi hizi hazipotei bure. Mwajiri mwingine yeyote atazisoma.

Wakili je?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wanapatikana hadi vijijini. Wanaweza kusaidia kuandika barua na kuelekeza pa kwenda. Hawawezi kusimama mahakamani, kwa hiyo kwa shauri la Mahakama Kuu ni vyema kuwa na wakili. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ni sehemu nzuri ya kuulizia.

Tahadhari: "kusafisha faili" ni utapeli

Mtu aliyeondolewa jeshini ni windo rahisi. Atapigiwa simu na "afande wa makao makuu" anayejua jina lake na kikosi chake, aambiwe faili linaweza kusafishwa kwa laki tano. Familia itauza korosho au kiwanja.

Jeshi limesema mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi. Anayeombwa hela apige TAKUKURU, namba 113, bure. Kutoa rushwa nako ni kosa, kwa hiyo aliyeondolewa kwa kosa moja anaweza kujikuta na la pili, na la pili hili ameligharamia mwenyewe.

Wiki hii afanye nini?

Atafute barua ya kuondolewa na kuangalia tarehe. Ahesabu miezi sita kutoka hapo. Aandike kwenye karatasi kila anachokumbuka: siku, saa, nani alikuwepo, kipimo kilifanyikaje. Aende hospitali aliyotibiwa kuchukua nakala. Kisha ndipo aandike barua ya kwanza, na kudai muhuri.