Rada Juu ya Mawingu

Mkazi wa Minago, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, huiona Zuhura iking'ara. Lakini uso wa sayari hiyo hauonekani, kwani umefunikwa daima na mawingu mazito. Ndiyo maana chombo cha Marekani, Magellan, kilichoizunguka tangu 1990 hadi 1994, kilitumia rada, ambayo mawimbi yake hupenya mawingu. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba, kwa kulinganisha picha mbili za 1991 zilizopishana miezi 8, waliona tundu la volkano katika mlima Maat Mons limepanuka kutoka kilomita za mraba 2.2 hadi karibu 4. Picha moja isingefichua lolote.

Njia hiyo hutumika pia katika Bonde la Ufa, ambamo Minago imo ijapokuwa haina volkano. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, vipimo vya matetemeko na rada za satelaiti vilionyesha dalili za mwamba ulioyeyuka chini ya mji wa Goma. Tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Askari alindaye njia siku kama hiyo hulinda uhai wa watu dhidi ya hatari isiyoonekana kwa macho.