Stesheni Ndogo Hufa kwa Nini?

Mkulima wa Madibira mwenye magunia yake ya mpunga haikuti reli ya TAZARA mlangoni kwake. Huifuata mbali, upande wa Makambako. Na katika reli hiyo zimo stesheni ndogo zilizofungwa: jengo lipo, reli ipo, stesheni masta hayupo.

Wengi husema stesheni hizo zilikufa kwa kukosa abiria. Sivyo hasa.

Reli ya TAZARA ni ya njia moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana ila pale penye njia ya pembeni, ambapo moja huingia na kuingoja nyingine. Ndiyo maana reli hii ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa Julai 1976, iliwekewa stesheni 147. Huo ni wastani wa stesheni moja kila kilomita 13 hivi. Nyingi zilipangwa kwa hesabu ya treni, si kwa hesabu ya vijiji.

Lakini watu walizifuata. Wakati wa vijiji vya ujamaa, wengine walihamishiwa kando ya reli, pamoja na mambo mengine, ili wailinde. Wakalima, wakapakia mpunga na ndizi kwenye treni ya abiria, wakasomesha watoto.

Sasa tazama mizigo. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba tani 88,000 hivi. Treni zikiwa chache, hakuna za kupishana. Na stesheni isiyopishanisha treni bado inadai mishahara na matengenezo. Ikafungwa. Mwanakijiji akabaki na magunia yake, akitafuta lori.

Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya maelewano ya kuifufua reli hii. Treni zikiongezeka, njia za kupishana zitahitajika tena. Basi wakati wa kupanga ni huu. Stesheni ikifunguliwa kwa ajili ya shaba ya Zambia, iwekewe pia ghala na nafasi ya kupakia mazao. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.